Wimbo wa Pili Ulioshuka Ipogolo

Ninyi vijana wa kinanda, nawaona. Mimi hukaa benchi la tatu upande wa wanaume, karibu na nguzo, na mnadhani nasinzia. Kwaya ikianza juu kuliko mlivyokubaliana, mkono wenu wa kushoto unanyata mpaka kwenye kile kitufe cha transipozi, mnabonyeza mara mbili tatu, mambo yamekwisha. Wimbo mzima umehama nyumba na ninyi hamjabeba hata kiti kimoja. Siwalaumu. Ningekuwa na kitufe hicho siku ile Mbeya, akina mama wa sauti ya kwanza wasingeninunia mwaka mzima.

Kiongozi wenu ndiye kaniomba niandike haya. Alikuwa anasafisha kabati la matarumbeta, akakuta daftari lenye mwandiko wangu, juu ya jalada limeandikwa SONATA. Akawauliza ninyi ni kitu gani. Mmoja wenu, simtaji, akasema huenda ni jina la dada aliyekuwa anapiga zamani. Nilipoambiwa nilicheka mpaka mke wangu akatoka jikoni kuangalia kama nimepaliwa. Halafu sikucheka tena, maana niliona kwamba nikinyamaza, hilo daftari litafungiwa maandazi.

Basi nisikilizeni. Jina langu mnalijua, Gwakisa, ila wakubwa wenu waliniita Fundi Rejeta, na hilo ndilo jina lililonileta kanisani. Sikuingia kwenye muziki kwa mlango wa muziki. Nilitoka kwetu upande wa Mbeya nikiwa kijana mwenye mikono mizuri na akili ya kawaida, nikaweka kibanda cha kulehemu pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, barabara kuu. Malori yalikuwa yanafika pale yanachemka kama sufuria za msibani. Mimi natoa rejeta, naitumbukiza kwenye pipa la maji, naziba upande mmoja, napuliza upande wa pili. Povu likitokea, hapo ndipo pana tundu. Nakausha, nachoma, nalehemu. Ndiyo elimu yangu yote.

Siku moja akaja mzee mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, kabeba mgongoni kitu kimefungwa shuka. Nikadhani kabeba mgonjwa. Akakifungua, ni tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hii inavuja. Wewe unaziba vitu vinavyovuja?"

Nikamwambia mimi naziba rejeta. Akaitazama rejeta, akaitazama tuba, akasema, "Zote shaba. Moja inapitisha maji, nyingine inapitisha upepo. Wewe ziba tu."

Huyo ndiye Mwalimu Luvanda, aliyekuwa anafundisha matarumbeta ya usharika wetu Mlandege, kule juu mjini, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikaitumbukiza tuba kwenye pipa, nikaweka mdomo, nikapuliza kwa nguvu zote nikitafuta povu. Povu halikutokea. Nikapuliza tena mpaka masikio yakaziba. Mara likatoka gunzi la mahindi, likaruka likampiga dereva mmoja begani. Tuba haikuwa na tundu hata moja. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamelisokomeza humo ndani, na Mwalimu alikuwa amehangaika nalo wiki tatu.

Wala hakuona aibu. Aliniangalia usoni akasema, "Una mapafu. Jumanne saa kumi, Mlandege."

Somo la kwanza la kazi hii basi ni hilo: kabla hujachoma, tazama ndani. Nimetengeneza matarumbeta toka Iringa mpaka Chunya, na zaidi ya nusu ya yaliyoitwa mabovu yalikuwa na kitu ndani. Soksi. Limau. Tromboni moja ya Chunya ilikuwa na vumbi lililoganda kama tofali, maana mwenyewe alikuwa anaitundika nje, barabarani, ipigwe na upepo. Nyingine ilikuwa na barua ya mapenzi, na mwenye hiyo nilimrudishia barua kimya kimya kisha nikamwambia shida ilikuwa pistoni, vile vitufe vya kubonyeza.

Nilipoanza kuipiga hiyo tuba sikujua noti hata moja. Hapa kwetu matarumbeta yalikuwa yanachukua watu kutoka kwaya, na kwaya inasoma do re mi, basi Mwalimu alituandikia kila kitu kwa do re mi. Nataka mlielewe hili vizuri kwa sababu ndilo lililonivua nguo mbele za watu. Kwenye do re mi, do haina makazi ya kudumu. Juu ya ukurasa unaandikiwa leo do ipo wapi, juu au chini, na ukishajua hapo, nyimbo zote zinasomeka vilevile. Wimbo uliohamia juu na wimbo uliobaki chini, kwenye karatasi ni mapacha. Tofauti iko kwenye ile mistari midogo ya juu ya ukurasa ambayo fundi rejeta hana muda wa kuisoma.

Sasa Mwalimu alikuwa na kitabu. Alipokuwa kijana kulikuwa na mwalimu wa muziki, mmisionari, aliyemfundisha kinanda, na yule alipoondoka kurudi kwao alimwachia kitabu cha sonata moja, yaani muziki mrefu wa kinanda usio na maneno. Mwalimu akahamishia sehemu ya kwanza ya sonata hiyo kwenye matarumbeta, ukurasa kwa ukurasa, kwa mkono. Ila kurasa za mwisho hazikuwepo. Mchwa wa Ipogolo walikuwa wamezila, wakaacha jalada la nyuma likiwa zima kabisa, kama wameona aibu. Na Mwalimu hakuwahi kuisikia sonata hiyo ikiisha. Masomo yake na yule mmisionari yalikomea katikati.

Kwa hiyo tulikuwa tunapiga mpaka mchwa walipofika. Tukifika hapo Mwalimu ananyanyua mkono wa kulia juu, kiganja wazi, tunanyamaza wote kwa mpigo. Yaani katikati ya safari. Watu kanisani walikuwa wanabaki wanatazamana. Kuna mzee wa kanisa mmoja kila mara alikuwa anasema "Amina" kwa sauti ya kuuliza, ili tu jambo lipate mwisho. Nilimwambia Mwalimu mara nyingi, si tumalizie hata na do moja ndefu? Akanijibu, "Fundi, gari la mtu likikuishia dizeli, unalisukumia nyumbani kwako?" Hakutaka kubuni kazi ya mwingine.

Lakini jinsi sonata inavyokwenda alinieleza, na alinieleza kwa miguu. Tulikuwa tumetoka mazoezini Mlandege tunashuka kwenda Ipogolo, maana wote wawili tulikuwa tunakaa huko chini. Akasimama pale unapoiona barabara kuu yote imelala bondeni.

"Nyumbani ni wapi?" akaniuliza.

"Ipogolo, Mwalimu."

"Basi wimbo wa kwanza unaanzia Ipogolo. Hapo ndipo do ya nyumbani. Unautambulisha, watu wanaujua. Halafu unapanda, pole pole, unafika Mlandege. Kule juu unakuta wimbo wa pili. Mpole, una heshima zake, una do yake ya juu. Mpaka hapo umetambulisha watu wawili, kila mmoja kwake. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa.

"Baada ya hapo unaondoka mji. Unakwenda Chunya. Huko ni vumbi tupu. Mara unauona wimbo wa kwanza, lakini kichwa tu, miguu haipo. Mara kipande cha wa pili kimevaa nguo za mtu mwingine. Do hujui imelala wapi. Wapigaji wabovu ndiyo wanapotea hapo. Halafu mwisho unarudi."

"Unarudi Ipogolo."

"Unarudi Ipogolo. Wimbo wa kwanza unaanza tena kama vile hujawahi kutoka. Na baada ya hapo..." Akaanza kutembea tena. "Baada ya hapo ndiyo mchwa. Yule mwalimu wangu aliniambia neno moja tu. Alisema mwishoni nyimbo zote mbili zinalala nyumba moja. Mimi nimelibeba neno hilo mpaka leo na sijui linalala vipi."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Nilichoelewa ni njaa, kwa kweli.

Hapo nimtaje Sekela, maana bila yeye hadithi haina wimbo wa pili. Sekela alikuwa fundi cherehani kutoka kwetu Mbeya, anapiga koneti, tarumbeta dogo la sauti ya juu, kuliko wanaume wote wa kundi, na wimbo wa pili wa sonata ulikuwa wake. Leo hii ni mke wangu, na wakati naandika yuko nyuma yangu anasoma. Amesema niseme wazi kwamba alinikataa mara mbili. Nimesema. Amesema pia kwamba gunzi halikumpiga dereva begani, lilimpiga kisogoni. Yeye hakuwepo, lakini tuendelee.

Basi ikaja ile habari ya masikio. Mwalimu alianza kutuambia tunapiga chini chini, tuongeze. Tukaongeza. Akasema bado. Majirani wa kanisa walikuja kulalamika, yeye anasema bado. Mwishowe nikamsindikiza Mbeya kwa daktari wa masikio. Daktari akamvalisha vile vya kusikilizia, akambonyezea sauti, akaandika, akambonyezea, akaandika. Halafu akatueleza taratibu: miaka yote ya kusimama mbele ya tromboni imemla. Zinatangulia kwenda sauti za juu, na za chini zitafuata. Kifaa kitamsaidia kidogo kwenye maongezi, ila muziki asitegemee sana.

Mwalimu alisikia yote, au alisoma midomo, sijui. Kwenye basi la kurudi tukafika Makambako. Hapo akageuka.

"Fundi. Andika mwisho wa sonata."

"Mimi, Mwalimu?"

"Nataka nisikie ikifika. Siwezi kwenda na hii kitu nusu kichwani. Wewe una mikono, Sekela ana masikio, andikeni. Lakini harakisheni, umemsikia daktari."

Niwaambie ukweli, vijana wangu, nililia kwenye basi lile. Nikajifanya nachungulia dirishani. Mtu ambaye hakukubali hata do moja ya kubuni sasa ananipa mimi, mtoa magunzi, nimmalizie kazi yake, kwa sababu siku zinahesabika.

Nikakaa kibandani na daftari jipya, hilo mliloliona kabatini. Nikafikiri sana. Nyimbo zote mbili zinalala nyumba moja. Nikasema kumbe ni rahisi: zinarudi zote. Na mimi kwenye do re mi nikitazama wimbo wa kwanza ni uleule, wa pili ni uleule, herufi kwa herufi. Sasa ya nini kunakili upya na karatasi ni shida? Kwenye ukurasa wa safari ya kurudi nikaandika mistari miwili tu. Wimbo wa kwanza: pigeni ukurasa wa kwanza. Wimbo wa pili: pigeni ukurasa wa pili. Nikapiga mstari wa wino chini yake, nikajisikia msomi.

Mmeona? Ukurasa wa pili ulikuwa na ile mistari midogo juu inayosema do imehamia Mlandege. Niliwaambia watu warudi Ipogolo, wakishafika tu wakwee tena Mlandege na kulala huko. Mtu wa noti za mistari asingeweza kukosea hivyo hata akitaka, maana angeona vichwa vya noti viko juu. Ni sisi wa do re mi tu tunaoweza kupotelea angani na karatasi inasema kila kitu ni sawa.

Mazoezini ilikuwa tamu. Sekela ananisahihisha: mazoezini yeye alisema inaishia mahali pa ajabu, na mimi nikamjibu sonata ni kitu cha ajabu. Sikumbuki hilo ila siwezi kulikana.

Tukaalikwa Mbeya, mkutano wa matarumbeta na kwaya, kanisa limejaa mpaka madirishani. Mwalimu tukamkalisha mbele kabisa, koti vifungo vyote. Mpango ulikuwa hivi: sisi tunapiga sonata, na kabla mwangwi haujakwisha, kwaya yetu inadaka do kutoka kwenye noti yetu ya mwisho, inaanza wimbo bila kusubiri. Ndiyo ilikuwa desturi yetu na tulikuwa tunaringa nayo. Kwaya nyingine wanapewa sauti na kinanda, ting ting, sisi tunadaka hewani.

Tukapiga. Ipogolo, Mlandege, Chunya, tukarudi. Tulipopita pale mchwa walipoishia, nikamuona Mwalimu anasogea mbele kwenye kiti. Tukaendelea, tukapanda kama karatasi ilivyotuelekeza, Sekela akapiga wimbo wake mashavu yamejaa, tukamaliza na do kubwa ya kupendeza. Do ya Mlandege.

Kwaya wakaidaka.

Sijui niwaelezeje. Ule wimbo wenyewe wa kwaya una sehemu za juu hata ukianzia mahali pake. Siku hiyo ulianzia juu ya mahali pake kwa ngazi tano, toka do mpaka so. Mstari wa kwanza walivumilia. Mstari wa pili akina mama wa sauti ya kwanza walianza kusimama kwa vidole vya miguu, kana kwamba noti zimewekwa rafu ya juu. Wanaume wa sauti ya tatu walinyamaza mmoja mmoja wakabaki wanafungua midomo kwa adabu. Besi, kwa mara ya kwanza maishani mwao, walikuwa wanaimba kama watu wengine. Kwenye kiitikio ilipofika ile noti ndefu, dada mmoja aliipata, na nadhani waliisikia mpaka Uyole, nje ya mji. Mwalimu wa kwaya alikuwa anawaongoza kwa mkono mmoja, kwa mwingine ananionyesha kidole mimi.

Walimaliza kwa neema tu. Watu wakapiga makofi ya pole. Mimi natafuta mlango wa nyuma. Na katikati ya yote hayo, Mwalimu Luvanda ametulia, uso umenyooka, anaitikia kwa kichwa. Nikamwendea nikiwa tayari kupiga magoti.

"Kwaya leo imeimba vizuri," akaniambia. "Tulivu sana."

Nikadhani ananikejeli. Halafu akanivuta mkono, akaniuliza karibu na sikio langu, kama vile mimi ndiye nisiyesikia, "Lakini wimbo wa pili mliuruka kwa nini?"

"Hatukuuruka, Mwalimu. Sekela kaupiga."

"Mara ya kwanza, ndiyo, najua upo. Ule nimeuzoea, najijazia mwenyewe kichwani. Ila huku mwishoni sijawahi kusikia, sina cha kujazia. Nimesikia wimbo wa kwanza umerudi nyumbani, vizuri kabisa. Halafu ikabaki tuba inatembea peke yake, pum, pum, kama mlinzi. Nikangoja. Halafu mkakaa chini."

Akina mama walikuwa wananitafuta kwa hasira zao, na mimi sikuwajali hata kidogo. Mzee alikuwa amesafiri toka Iringa kusikia mwisho, na mwisho wake ulikuwa kimya na tuba.

Nyumbani sikuwaza sonata tena, wala nyumba moja, wala mmisionari. Niliwaza jambo la kifundi tu. Mzee hasikii juu, anasikia chini. Basi wimbo uteremke. Nikachukua wimbo wa Sekela, nikafuta ile mistari midogo ya juu ya ukurasa, nikaandika: do ya Ipogolo. Nikauvuta chini zaidi, nikampa tromboni. Nilimwambia Sekela kwa woga, maana nilikuwa nampokonya wimbo wake na bado alikuwa hajanikubali.

Alisoma karatasi, akaimba kwa sauti ya chini, akaimba mpaka mwisho. Akaniangalia.

"Kaka Gwakisa, umeona ulichofanya?"

"Nimeuteremsha ili Mwalimu asikie."

"Umeishia ulikoanzia. Nyimbo zote mbili ziko Ipogolo. Ule wangu umeacha kwao, umekuja kulala kwa mwenzake."

Kumbe ndiyo neno lenyewe. Si kwamba zinarudi zote. Ni kwamba zinarudi zote mahali pamoja. Ule wimbo uliokuwa unajidai kule juu na do yake, mwisho anashuka, anakuwa yeye yuleyule, ila yuko nyumbani. Safari yote ya vumbi ilikuwa kwa ajili ya hilo. Mimi nimeielewa sonata kwa kutafuta sauti ambayo mzee mmoja anaweza kuisikia, na tangu siku hiyo nikisikiliza sonata yoyote redioni nakaa nangoja tu: wimbo wa pili atashuka lini?

Juzi kiongozi wenu kaniletea simu. Katika kupekua pekua kaipata sonata yenyewe, nzima, mtu anaipiga kwa kinanda. Nikaisikiliza mimi na Sekela tumeegemeana vichwa. Ilipofika kwa mchwa nikaongeza sauti ya simu. Wimbo wa kwanza ukarudi. Na wa pili ukarudi kwenye do ya nyumbani, kabisa, kama tulivyofanya sisi. Ila mwenyewe aliyeitunga kauweka juu, ngazi ya juu ya nyumba ileile. Sisi tuliuweka chini. Kiongozi akaniuliza kama asahihishe daftari. Nikamwambia aandike zote mbili. Mkiwa Mlandege pigeni ya huyo mtunzi. Yeye hakuwa na mtu anayemsubiri huku chini.

Sasa nirudi nyuma nimalizie. Tulikubaliana Mwalimu asipandishwe tena Mlandege. Jumamosi asubuhi kundi zima likashuka Ipogolo, vyombo mabegani, mpaka kwenye uwanja wa nyumba yake. Mwalimu akatoka na koti lake, akakaa kwenye kiti cha kamba, mgongo ukutani. Masikio yalikuwa yameshuka zaidi tangu Mbeya. Kuongea naye ilibidi umshike bega kwanza.

Tukapiga. Wimbo wa kwanza, akatikisa mguu. Sekela akapiga wa pili kule juu, na nikaona vidole vya Mwalimu vinabonyeza pistoni za hewani juu ya goti, anajijazia. Tukaenda Chunya, tukarudi. Wimbo wa kwanza ukakaa nyumbani. Halafu tromboni ikaingia chini, pole pole, na wimbo wa pili.

Mwalimu akakodoa macho. Akanyanyua mkono wa kulia juu, kiganja wazi.

Na nusu ya kundi wakanyamaza. Miaka yote mkono ule ulimaanisha mchwa, tufanyeje? Koneti kimya, baritoni kimya, tumebaki mimi na tuba yangu na tromboni anayetaka kukimbia. Mwalimu akaanza kuupunga ule mkono kwa ghadhabu. "Nani kawaambia mnyamaze? Nausikia! Endeleeni, nausikia!" Wakarudi mmoja mmoja, wanaokoteza, wengine wamepoteza mstari, na kwa kweli haikuwa safi. Lakini ilishuka yote, ikafika kwenye do, tukaishikilia mpaka pumzi zikaisha.

Mwalimu alikaa na mkono wake hewani kwa muda. Halafu akauteremsha juu ya goti.

"Kumbe ni hapa," akasema. "Miaka yote hii, kumbe ni hapa tu."

Sekela alikuwa anafuta koneti ambayo haikuwa na maji. Kisha Mwalimu akanyoosha shingo, akaangalia karatasi yangu kwa mbali, kwa yale macho yake ya kutafuta makosa.

"Fundi. Hapo mwishoni kuna alama ya kurudia. Unaiona?"

Karatasi ile niliiandika mimi, kwa mkono huu. Hakukuwa na alama yoyote.

"Naiona, Mwalimu," nikasema, na tukarudia.